Mtoto Akiumia Shuleni, Mzazi Asiwe wa Mwisho Kujua



Vijana wenzangu, leo sitaongea siasa. Nataka tuongee juu ya mkono wa mtoto wa dadangu.

Alianguka kwenye ngazi za shule saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Akaambiwa alaze kichwa kwenye dawati, maumivu yatapoa. Saa tisa unusu akaja nyumbani peke yake, ameukumbatia mkono, kiwiko kimevimba. Namba ya mamake iko shuleni. Karo ikichelewa siku mbili anapigiwa. Siku hiyo simu haikulia. Hospitali swali la kwanza likawa, "Mbona mmechelewa kumleta?" Mfupa ulikuwa umevunjika.

Kesho yake mimi mjombake nikaenda shule na hasira zangu. Nikapiga kelele ofisini, mwalimu mkuu akanipa pole, nikatoka. Wiki moja baadaye tukaambiwa mtoto aliumia akicheza nje ya shule. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja.

Mtaani watu wakatwambia, "Ni qadar, sameheni." Ndugu zangu, kuanguka ni qadar, alhamdulillah ala kulli hal. Lakini kunyamaza saa tano na nusu ni uamuzi wa mtu. Mtoto shuleni ni amana, na amana ikipata dosari, mwenyewe huambiwa. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na alindwe asipuuzwe.

Basi likikufika, fanya hivi.

Kwanza, hospitali. Ofisi ya mwalimu itangoja. Ikiwa amegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida au akaongea ovyo, usingoje asubuhi. Mwombe daktari aandike mtoto aliumia saa ngapi na alifikishwa saa ngapi. Weka kadi na risiti zote.

Pili, msikilize mtoto bila kumlisha maneno. Andika alivyosema siku hiyohiyo, na nani alikuwepo.

Tatu, peleka barua kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Uliza: nani alikuwa zamu? Alipewa huduma gani? Kwa nini mzazi hakupigiwa? Nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Matusi usiandike, yatawapa wao cha kulalamikia.

Nne, ukigundua alipigwa, hiyo si ajali tena. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imepiga marufuku kumchapa mwanafunzi. Nenda polisi uandikishe, upewe namba ya OB, uombe fomu ya P3. Fomu hiyo ni bure. Ofisi ya watoto nayo ipo, na simu 116 ni ya kuripoti mambo ya watoto, bila malipo.

Msione kuandika ni mambo ya kizungu. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa pesa zinaandikwa, mtoto je?

Na tusinyooshee shule kidole peke yake. Wengi wetu hapa tunasomesha madrasa. Je, ustadh una namba ya kila mzazi? Mtoto akianguka chuoni leo, nani atapiga simu, na baada ya dakika ngapi? Tusiogope jina la madrasa kuharibika. Linaloliharibu ni kuficha.

Wiki hii, kila mmoja wetu aulize swali hilo pale mdogo wake anaposoma. Aulize kwa adabu, na aandike jibu.

Mkono wa mtoto wetu umepona, lakini haunyooki sawasawa. Hakuna awezaye kutwambia kama ni ule mchana uliopotea. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.