Mlango wa Chumba cha Binti Yairo

Kama una Biblia karibu, ifungue katika Injili ya Marko, mlango wa 5, tangu aya ya 21 hata mwisho wa mlango. Kama huna, sikiliza tu, maana habari yenyewe waijua tangu shule ya Jumapili.

Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi. Binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi. Baba huyu akaiweka heshima yake kando, akaja mbele ya mkutano mkubwa, akaanguka miguuni pa Yesu na kumsihi sana. Njiani Bwana akasimamishwa na mwanamke mgonjwa, na kabla hawajaendelea na safari, habari ikaja kwamba mtoto amekwisha kufa. Hayo twayahubiri mara nyingi. Leo nataka tuangalie jambo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio, nalo ni mlango wa chumba alimolala yule mtoto.

Hebu tazama idadi ya watu. Barabarani palikuwa na umati wa kusongana. Yesu akauzuia umati ule usimfuate, akawachukua Petro, Yakobo na Yohana peke yao. Alipofika nyumbani akawakuta waombolezaji wakilia kwa makelele. Akawaambia kwamba mtoto amelala tu, nao wakamcheka. Akawatoa nje wote. Walioingia chumbani ni baba, mama, na wale wanafunzi watatu. Akamshika mtoto mkono, naye akaondoka na kutembea. Na baada ya muujiza mkubwa namna hiyo, Bwana aliagiza mambo mawili tu: kwamba watu wasilijue jambo hilo, na kwamba mtoto apewe chakula.

Ndugu zangu, jiulizeni: kama ingalikuwa siku zetu hizi, mlango ule ungalifungwa? Mtoto angalipigwa picha akiwa amelala, ili watu wamwombee. Angalipigwa picha tena akiamka, ili watu washangilie. Na kabla hajamaliza kula ule mkate aliopewa, sura yake ingalikwisha kufika Nairobi, Mombasa na Marekani.

Sisemi haya kwa kuwa nazichukia simu. Ninayo yangu, na vikundi vya WhatsApp vya parishi sitavihesabu. Najua pia mama mmoja aliye kazini nchi za Ghuba, ambaye mtoto wake anakuzwa na nyanya kijijini. Kila jioni hutumiwa picha ya mtoto akila, akisoma, akicheka na pengo la jino. Picha ile ni chakula cha mama yule. Mtu akinihubiria kwamba ni dhambi, sitamsikiliza.

Lakini kutuma picha kwa mama ni jambo moja, na kuibandika njia panda ni jambo lingine. Wenye umri kama wangu mwakumbuka albamu. Mgeni akija, huku chai ikichemka, aliwekewa albamu mapajani. Humo mlikuwa na picha za harusi, picha za ubatizo, na ile picha ya mtoto uchi ndani ya beseni, ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Tuliona haya kidogo tukacheka. Lakini mama alijua ni nani aliyeishika albamu ile, na mgeni alipoondoka, albamu ilirudi kabatini. Kikundi kimoja cha WhatsApp chaweza kuwa na watu hata 1,024. Ni mama gani aliyepata kukaribisha wageni 1,024 sebuleni, nusu yao hawajui majina, akawaonyesha mtoto wake ndani ya beseni? Tena wageni hao kila mmoja aweza kwenda na nakala yake, na wewe ukiifuta ya kwako, za kwao hazifutiki.

Nitawapa habari ya kijana mmoja. Jina na mahali sitataja, naye mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima, alinipa ruhusa niisimulie. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa bado akikojoa kitandani. Mama yake, kwa uchungu wa mzazi, aliandika mtandaoni akiomba ushauri na maombi, akaweka na picha ya godoro likianikwa uani na mtoto amesimama kando yake. Alipata ushauri mwingi. Watu walimwombea, na mtoto akapona. Mama akasahau kabisa. Miaka mitano baadaye kijana alikuwa shule ya bweni, kidato cha kwanza, na wenzake wakalitafuta jina la mama yake. Kufikia usiku, picha ya godoro ilikuwa imefika kila bweni. Wakampa jina la utani ambalo sitalitamka hewani. Alivumilia muhula mmoja, kisha akatoroka. Alipofika nyumbani hakumlaumu mama kwa kumwombea. Alimwuliza neno moja tu: kwa nini hukuniuliza?

Mama yule alikuwa Mkristo mwema. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana wanaoumiza watoto kwa njia hii mara nyingi ni wale wanaowapenda sana.

Warudieni wale waombolezaji wa nyumbani kwa Yairo. Dakika moja walikuwa wakilia, dakika iliyofuata wakacheka. Ni watu wale wale. Umati ndivyo ulivyo. Mtoto akishinda mtihani hupewa mioyo na vidole gumba, na akianguka mwaka ujao umati huo huo humkumbuka vizuri. Yesu hakuwagombeza. Aliwatoa nje tu, kwa sababu mtoto aliyelala hawezi kujitetea mbele ya watu wa namna hiyo.

Sasa najua kuna baba anayenisikiliza, na moyoni anasema: Mchungaji, mtoto wangu amelazwa, hospitali inadai fedha ambazo sijapata kuziona maishani, na bila kuweka picha yake pamoja na nambari ya kuchangia, hakuna atakayetoa shilingi. Baba, sikudharau. Naye Yairo aliomba msaada hadharani. Alipiga magoti mbele ya umati wote, akasema wazi kwamba binti yake yu karibu na kufa. Kuomba si aibu, na harambee ni desturi yetu njema. Lakini angalia alichokionyesha Yairo. Alionyesha magoti yake mwenyewe. Mtoto alibaki chumbani.

Basi weka picha yako wewe, baba. Eleza hitaji kwa maneno. Na sisi kanisa tubebe sehemu yetu. Watu hudai picha ya mtoto mwenye mipira puani kwa sababu wameibiwa na matapeli, wanataka uthibitisho. Uthibitisho huo kanisa laweza kuutoa. Mzee wa kanisa na aende wodini, aione bili kwa macho yake, kasisi aandike barua na kutia muhuri wa parishi, mweka hazina apokee michango na kutoa hesabu. Parishi ikifanya hivyo, hakuna sababu mtoto mgonjwa avuliwe heshima yake ili apate dawa. Kama parishi yako haijapata kufanya hivyo, lipeleke jambo hili katika kamati ya parishi mwezi huu. Bili za hospitali hazingoji.

Katika mlango huo huo yuko yule mwanamke aliyetokwa na damu. Alikuwa ameugua miaka 12, ndiyo miaka ya maisha yote ya binti Yairo. Yeye Bwana alimwita mbele ya watu, akasimama, akaeleza kweli yote. Kwa nini mwanamke aliletwa mbele, na mtoto akafichwa? Mimi naona hivi: mwanamke alikuwa mtu mzima, na habari ile ilikuwa yake, akaisema kwa kinywa chake. Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili. Ukisimama kushuhudia, shuhudia habari zako. Ukianza kutubu dhambi za jirani, walikukatiza kwa wimbo. Ugonjwa wa mtoto wako, machozi yake, kurudia darasa kwake, siku yake ya kwanza kuwa mwanamke, hizo ni shuhuda zake, na huenda siku moja atasimama kuzitoa. Usimtangulie.

Ni vigumu kwetu, najua. Hapa kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto: Mama Wanjiru, Baba Otieno. Jina lake limekuwa langu, basi twadhani na habari zake ni zangu. Lakini siku ya ubatizo, kasisi hulitaja jina la mtoto peke yake, na maji humwagwa juu ya kichwa chake, si chako. Wewe u mlezi wa mtu ambaye ni mali ya Mungu.

Hata serikali imeliona jambo hili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na mtoto ni mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yasema kwamba habari za mtoto zisitumiwe ila kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa faida ya mtoto mwenyewe. Mwaka 2023 shule moja hapa nchini ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wengi tulishangilia hukumu ile. Lakini shule humwomba mzazi idhini. Mzazi humwomba nani? Huko Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2024 kwamba wazazi walinde picha za mtoto kwa pamoja, na kumshirikisha mtoto mwenyewe kwa kadiri ya umri na akili zake. Mzazi Mkristo hana haja ya kungoja Bunge limwambie hivyo.

Facebook yenyewe haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujiandikisha. Binti Yairo asingaliruhusiwa. Na bado wako watoto wa umri wake ambao tayari mtandao una sura zao tangu saa ya kuzaliwa, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, sare ya shule na basi wanalopanda. Mtu mwovu hahitaji zaidi ya hapo. Siku hizi zimo programu za kompyuta zinazoweza kuchukua uso wa mtoto kutoka picha ya heshima na kuubandika juu ya picha ya aibu. Sitaeleza zaidi, watoto wanatusikiliza.

Nisiishie kwa wazazi, maana kanisa nalo lina lake. Twagawa unga kwa mayatima, kisha twawapanga mstari, kila mtoto ameshika pakiti yake kifuani, na picha yaenda katika ukurasa wa kanisa. Kesho mtoto yule atakuwa darasani na wenzake, nao wamekwisha kujua kwamba yeye ndiye wa unga. Wasichana twawapa taulo za hedhi, nao twawapiga picha. Katika Mathayo mlango wa 6 Bwana alikataza sadaka ya tarumbeta. Wafadhili wakitaka ushahidi, pigeni picha ya magunia na ya mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni mtu mzima, ataweza kukataa.

Wewe mzazi, leo jioni keti na mtoto wako mwenye umri wa kuelewa, ufungue simu, umwonyeshe yote uliyoyaweka kumhusu. Mwache aelekeze kidole. Atakayosema yaondolewe, yaondoe pale pale akiona, bila kubishana naye. Mengine yatakushangaza: ile unayoipenda kuliko zote pengine ndiyo inayomwudhi. Na kama ni mchanga asiyeweza kusema, basi ngoja. Furaha yako mpigie dada yako simu. Mariamu mamaye Bwana alikuwa na habari kubwa kuliko zetu sote, na Luka asema aliyaweka mambo yale moyoni.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewatoa nje waliocheka, ukamshika mtoto mkono mbele ya baba yake na mama yake, twawaleta kwako watoto waliolazwa wodini leo, na wazazi wanaokaa kando ya vitanda hivyo wakihesabu fedha zisizotosha. Mkumbuke kijana yeyote anayechekwa shuleni kwa jambo ambalo si yeye aliyelitangaza. Uingie chumbani mwake, ukae naye. Amina.