Jina Lililo juu ya Kopo: Ni Nani Aitengenezaye Oili ya Magari Yetu?



Sisi wa Kamati ya Usafirishaji tumepewa heshima ya kusema machache katika sikukuu hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Wenzetu watasema juu ya kahawa na bei yake. Sisi tumechagua kusema juu ya oili ya injini, kitu ambacho mwanachama hukiona pale tu fundi anapokimwaga kikiwa cheusi. Huenda mtu akaona ya kwamba ni jambo dogo kwa siku kubwa kama hii. Lakini mashine ya kukobolea kahawa, lori liichukualo na pikipiki ya bwana shamba, vyote huishi kwa oili. Injini ikifa, fedha iliyokufa ni ya mkulima.

Katika mikutano yetu swali moja limeulizwa mara nyingi: kwa nini tununue kopo lenye jina la kampuni iliyounda gari, na kando yake dukani liko jingine la bei nafuu? Wako wajibuo, "Aliyeunda gari ndiye ajuaye oili yake." Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo tuliyokuja kuieleza.

Kwa kawaida kampuni za magari hazitengenezi oili. Huiagiza kwa mkataba kutoka kwa kampuni za mafuta, kisha hutia jina lao juu ya kopo. Huko Marekani, oili iliyouzwa kwa jina la Toyota imetengenezwa kwa miaka mingi na ExxonMobil, na ile ya Motorcraft, ambalo ni jina la Ford, imetoka kwa Phillips 66. Tazameni pia habari ya BMW ya Ujerumani. Kwa muda mrefu oili yake ilitoka kwa Castrol. Kuanzia mwaka 2015 ikatoka kwa Shell. Jina la BMW likabaki juu ya kopo, bali mtengenezaji akawa mwingine.

Wala hao wenye kutengeneza hawafanyi kazi peke yao. Oili hupita katika mikono mitatu. Wa kwanza ni wa wasafishaji, watoao mafuta ya msingi. Wa pili ni wa wataalamu wa viungo vya kikemikali, vile vizuiavyo kutu, vioshavyo masizi na vilindavyo vyuma visisagane. Yapata sehemu 10 hadi 25 kwa kila 100 za oili ni viungo hivyo. Duniani kampuni nne ndizo zinazoongoza kazi hii: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Wa tatu ni mkono wa mchanganyaji, kama wale wenye viwanda Dar es Salaam na Mombasa, ambao huletewa mafuta ya msingi kwa meli. Basi makopo mawili yenye majina yanayoshindana yaweza kuwa na viungo vilivyotoka kiwanda kimoja.

Hata mbarika wa shambani una sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1909 Mwingereza Charles Wakefield alitia mafuta ya nyonyo katika oili yake ya injini, akaiita Castrol kwa kufuata jina la Kiingereza la mafuta hayo.

Je, jina la kampuni ya gari halina maana? Lina maana. Maana yake ni kwamba aliyeunda injini ameweka kipimo, naye amekubali kujibu kwa ajili yake. Basi tununue kipimo kwanza, na jina baadaye. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha gari, na hakina budi kuonekana juu ya kopo. Alama kama 15W-40 yaeleza uzito wa oili ikiwa baridi na ikiwa moto. Katika alama za API, herufi S huanza kwa injini za petroli, na C kwa injini za dizeli.

Kosa hapa lina gharama. Kijana wetu mmoja alitia oili ya gari dogo katika pikipiki, kwa kuwa kopo lilikuwa zuri na jina lake kubwa. Alipofika mlimani injini ikalia kwa nguvu, pikipiki isisogee: klachi ilikuwa ikiteleza. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili ile ile ya injini, na oili nyingine za magari zina viungo vya utelezi visivyoifaa. Pikipiki ya namna hiyo yataka alama ya JASO MA.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kiandike ukutani kipimo cha oili cha kila injini yake. Pili, tuagize pamoja, kwa mapipa, kutoka kwa muuzaji anayejulikana, tukitazama alama ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tatu, kopo likiisha litobolewe, maana kopo zima ndilo alitafutalo mwenye kuuza oili iliyokwisha tumika.

Ndugu wanachama, katika kahawa sisi nasi tu watengenezaji tusioonekana. Kahawa yetu huchanganywa na nyingine, ikanywewa mbali kwa jina la mtu mwingine. Tusilalamike tu. Mwenye jina amelipata kwa kuweka kipimo na kukisimamia. Nasi tukichuma zilizoiva tu, tukazianika juu ya chanja wala si juu ya udongo, na kukataa gunia baya hata likiwa la ndugu yetu, tutakuwa tumeanza kuweka kipimo chetu. Hiyo ndiyo kazi ya miaka kumi ijayo.

 Chama chetu na kidumu.