Laptopu ya Zamani Ikianza Kukwama: Okoa Faili Kabla ya Matengenezo



Wakazi wengi wa Eldoret hutegemea laptopu zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Humo mna rekodi za michango ya chama, hesabu za mkulima wa mahindi kule Moiben na tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Laptopu hununuliwa tena. Rekodi za miaka mitatu haziuzwi dukani.

Diski ngumu ya laptopu nyingi za zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa, katika nafasi nyembamba kuliko unywele. Ndiyo maana laptopu inayobebwa kwenye bodaboda kabla ya kuzimwa huwa hatarini: tuta moja laweza kukigonganisha kichwa na sahani.

Dalili ya mvua ni mawingu. Laptopu kuwa nzito pekee si ushahidi. Huenda diski imejaa au kuna virusi. Lakini ikikwama kila faili fulani inapofunguliwa, faili zikiharibika bila sababu, au mlio wa tik-tik ukisikika, shuku diski.

Hapo wengi hukosea mpangilio. Huanza kwa kuweka Windows upya au kuiamuru kompyuta irekebishe diski. Kazi hiyo huichosha diski iliyo taabani, na huenda ikafuta kilichokuwa kikitafutwa. Mpangilio ufaao ni huu.

Kwanza, nakili. Tumia flashi au diski ya nje, ukianza na faili zisizopatikana kwingine. Stakabadhi za eCitizen zinaweza kupakuliwa tena. Filamu na nyimbo zingoje.

Pili, pima. Programu ya CrystalDiskInfo haina malipo, na huonyesha kama diski ni nzima, inahitaji tahadhari au imeharibika.

Tatu, badilisha. Laptopu nyingi za zamani hukubali SSD ya inchi 2.5 mahali pa diski ile ile. SSD haina sehemu inayozunguka, hivyo huvumilia mitikisiko zaidi. Hata hivyo, nayo huharibika. Nakala ya pili bado inahitajika.

Ikiwa diski inatoa mlio wa tik-tik, zima mara moja. Usiwashe tena kujaribu bahati, usiifungue, wala usiiweke kwenye friji. Ipeleke kwa fundi mwenye ujuzi wa kuokoa data, na umwambie waziwazi kwamba unachotaka ni faili, asifomati.

Diski iliyotolewa nayo isiachwe kiholela. Kufomati kwa haraka hakufuti kila kitu, na nambari za vitambulisho vya wanachama zinaweza kusomwa na mgeni.

Ambaye laptopu yake bado ni nzima anakili leo, na nakala hiyo aiweke mbali na laptopu. Mwizi akibeba mkoba, asibebe vyote viwili.