Ewe Fundi, Taja Ujira Wako

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)

Ndugu zangu vijana, na wazazi mliokuja kutusikiliza, nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya gereji. Wengi wenu mwaichukulia kazi hii kuwa ni ya aliyeanguka mtihani. Mtoto hakupata alama, basi baba asema, "Mpelekeni kwa fundi akashike spana." Sikuja kuipigia debe, wala sitawaambia kwamba gereji ni dhahabu. Nitasema jambo moja tu, kwa kuwa ndilo nililoona likiua gereji nyingi, na zilikuwa na mafundi hodari kweli kweli. Jambo lenyewe ni bei ya kazi ya mkono wako.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Mteja aja na Probox yake, breki zalia. Fundi ainama, atazama, asema, "Pedi za mbele zimekwisha. Spea ni 4,500, na kazi utanipa mia tano tu, wewe ni mtu wangu." Mteja afurahi, kazi ni rahisi. Kijana atumwa dukani na pesa za mteja, pedi zile zauzwa Sh 2,800. Zile 1,700 zilizobaki zaingia mfukoni kimya kimya. Ukimuuliza fundi atakwambia, "Sasa mimi nitakula wapi? Mteja hataki kulipa kazi. Ataka kulipia kitu anachokiona."

Na hapo ana hoja, lazima tumpe haki yake. Sisi wenye magari tuna lawama. Mtu atalipa elfu kumi ya spea bila kufungua mdomo, lakini mwambie kazi ni elfu moja na mia tano, atang'aka: "Kwani umefanya nini? Si umefungua nati nne tu!" Hajui kwamba alipia miaka ya kujua ni nati gani ifunguliwe. Basi fundi ajifunza kuficha. Lakini mteja wa leo ana simu mkononi. Apiga picha boksi la spea, aituma kwa binamu yake aliye karibu na maduka ya Kirinyaga Road kule Nairobi, na baada ya dakika mbili ajua bei. Hatakugombeza wala hatakutukana. Hatarudi tena, basi, na kwenye harusi ya kwanza atakayokwenda atawaambia watu kumi.

Tulitazame pia kisheria, maana hapa ndipo vijana wengi wanapochanganya. Mteja akikupa pesa akakwambia, "Ninunulie pedi," wewe hapo ni wakili wake. Pesa ni zake, pedi ni zake, na chenji ni yake mpaka akupe kwa ridhaa yake. Lakini ikiwa pedi ulizinunua mwenyewe kwa pesa zako, zipo kwenye rafu yako, zikipotea hasara ni yako, basi wewe ni muuzaji. Mtajie 3,500 akikubali, faida yako ni halali, wala hulazimiki kumwambia ulinunua kwa ngapi, madhali husemi uwongo juu ya bei wala juu ya uzuri wa mali. Na kufunga zile pedi ni ijara, na ujira wa ijara wapasa ujulikane kabla ya spana kugusa nati. Mambo matatu mbali mbali, na fundi wetu ameyatia yote kwenye sufuria moja akakoroga. Masheikh wako hapa, waulizeni kwa urefu.

Mliopata kununua kompresa au mashine ya kuinulia gari kwa murabaha, katika benki za Kiislamu zilizoanza hapa Kenya mwaka 2008, mwajua utaratibu wake. Benki yakwambia imenunua kwa kiasi gani na yaongeza kiasi gani. Benki haikuona haya kutaja faida yake. Kwa nini wewe, mwenye mikono iliyopasuka kwa grisi, uone haya?

Sasa utaijuaje bei ya kazi? Si kwa kumuuliza jirani atoza ngapi, kwani yeye naye alimuuliza jirani yake. Kaa chini na daftari. Nitawapa hesabu ya mfano, kila mmoja atie tarakimu zake. Kodi ya banda na uwanja, 20,000 kwa mwezi. Mafundi wawili, 25,000 kila mmoja. Mwanagenzi, 10,000. Umeme, maji na simu, 6,000. Leseni ya kaunti ukiigawanya kwa miezi, 2,000. Vifaa vinavyovunjika na kupotea (na vyapotea, wallahi, spana namba 10 sijui huwa na mbawa!), 7,000. Halafu mshahara wako wewe mwenyewe, 45,000. Hapa wengi hujisahau, waona kitakachobaki ndicho chao, na hakibaki. Jumla ni Sh 140,000.

Mafundi wawili, siku 26, saa 8 kwa siku, ni saa 416. Lakini si saa zote mwaziuza. Kuna kungoja spea, kuna kuijaribu gari barabarani, kuna siku mteja haji. Ukiuza nusu yake umefanya vizuri, yaani saa 208. Gawanya 140,000 kwa 208, wapata kama Sh 673. Hiyo ndiyo gharama ya saa moja kabla hujaona faida hata senti. Ukitoza 800 kwa saa, mwezi wabakiwa na 26,400 ya kukuza gereji. Na ukitoza ile "mia tano tu" kwa kazi ya saa nzima, kila gari linaloingia lakutia hasara, na wewe wachekelea kuwa uwanja umejaa.

Labda mtasema hii ni hesabu tu. Hapana. Fundi anayekula kwa spea, tumbo lake lataka spea zibadilishwe. Hata awe mcha Mungu, lamvuta. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ametia skana, imemwonyesha P0171. Maana ya namba hiyo ni kwamba injini yapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahiki. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, kitu cha bei ndogo. Huenda ni kipima hewa kichafu, chahitaji kusafishwa tu. Huenda ni pampu ya petroli imechoka. Kutafuta ni ipi kwataka saa nzima ya akili na subira, na fundi wa "mia tano" halipwi kwa akili. Basi afanya nini? Auza sensa ya oksijeni. Taa yazimwa kwa skana, baada ya siku tatu yawaka tena. Lakini fundi ambaye saa yake ina bei atasema wazi, "Kutafuta ugonjwa ni 800. Nikiupata nitakwambia dawa yake bei gani, na ukitaka kwenda kutibiwa kwingine ni hiari yako." Huyu hana haja ya kudanganya. Riziki yake haimo ndani ya lile boksi.

Na ukishazoea kulipwa kwa ujuzi, waona faida ya kuukubali mpaka wake. Magari mengi yajayo kutoka Japani siku hizi yana geaboksi ya CVT, nayo ina oili yake maalumu. Ukitia ile ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu," umeiua geaboksi ya mtu, na bei yake yaweza kumeza mapato yako ya miezi. Za haibridi nazo, zile nyaya za rangi ya chungwa zapitisha umeme wa mamia ya volti. Si mahali pa kujaribia bahati. Kusema "hii siijui, nenda kwa fulani" hakukupunguzii heshima. Yule fulani naye atakuletea za breki.

Tuje kwenye kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo yahusu kuandikiana deni. Sisi ndio tuliopaswa kuwa watu wa daftari, na gereji zetu ndizo zaendeshwa kwa "si tulikubaliana?" Nunua kitabu cha karatasi zenye nakala. Gari likiingia, andika namba yake, kilomita zake, kiasi cha petroli, mikwaruzo iliyokuwepo, alichokisema mteja kwa maneno yake, kisha kazi ni ngapi na spea ni ngapi, kila moja katika mstari wake. Atie sahihi. Ukifungua ukakuta ugonjwa mwingine, mpigie simu kwanza, usiendelee kwa kudhani. Spea ya zamani mrudishie ndani ya boksi la ile mpya.

Mteja akija na spea zake mwenyewe, usimnunie. Mtoze ufundi wako kamili, kisha andika, "Spea ni ya mteja, dhamana ni ya kazi peke yake." Kama ulikuwa ukila kwa spea, siku hiyo umelala njaa. Kama watoza kazi, hujapoteza kitu.

Pesa nazo ziwe na mlango wao. Tangu M-Pesa ilipoanza 2007, twapokea malipo kirahisi, lakini pesa za gereji zaingia kwenye simu ile ile inayonunua unga na kulipa karo. Fungua till ya biashara, na wewe ujilipe mshahara tarehe moja kama mtu mwingine. Na mkitaka kazi za magari ya shule na hoteli, jueni kwamba tangu Januari 2024, kwa kawaida kampuni haiwezi kukata matumizi yake mbele ya KRA bila ankara ya eTIMS. Huna ankara, basi lao litapita mbele ya lango lako likaenda kwingine, hata uwe fundi namna gani.

Kuna hawa vijana wetu walio chini ya magari. Mwanagenzi wa mwaka wa nne ambaye bado hulipwa chai na mandazi, huyo mtamlaumu vipi akiuza betri yako ya zamani? Mpe ujira ujulikanao, hata kama ni mdogo, kisha mpeleke akafanye grade test ya NITA, aanze daraja la tatu, apande la pili na la kwanza. Atapata karatasi ya kuonyesha popote, hata Ghuba akienda. Utasema akipata karatasi atakuhama. Huenda. Lakini asiyekuwa nayo akikaa miaka kumi, huyo hajakupenda, amekosa pa kwenda.

La amana nalipitia haraka kwa sababu mwalijua. Gari la mteja si la kwendea sokoni, wala si la kumpelekea shemeji mizigo. Kujaribu breki ni kujaribu breki. Na oili chafu isimwagwe mtaroni. Hapa kwetu mtaro waishia baharini, na samaki twawala sisi wenyewe.

Na kwa mwezi huu mtukufu: kumi la mwisho magari ni mengi, kila mtu ataka kusafiri Idd. Msipokee yote. Kazi za breki na usukani zifanyeni asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Fundi aliyefunga, saa kumi na moja jioni, macho kwenye saa ya futari, asipewe kufunga magurudumu ya basi la abiria bila mtu wa pili kuyakagua.

Baada ya mada dada mmoja aliuliza swali, nami nalitia hapa kwa faida ya wasomaji. Alisema, "Sisi wanawake tukipeleka gari hutajiwa bei mara mbili. Tufanyeje?" Nilimjibu: kabla hujatoa ufunguo, uliza kazi ni ngapi na spea ni ngapi, mbali mbali, na iandikwe. Akikwambia, "Wewe niachie tu, tutaelewana," rudi nalo nyumbani. Akasema, "Na ikiwa fundi mwenyewe ni kaka yangu?" Watu wakacheka sana. Nikamwambia: huyo kwanza mlipe ujira wake wote kama mteja wa mbali, usimuombe bei ya undugu, maana ndugu ishirini wa bei ya undugu watosha kufunga gereji. Ukishamlipa, mdai karatasi yako kama wengine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.