Ngombezi: ushauri wa masomo uanzie kwenye cheti cha kuzaliwa

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Ngombezi, Korogwe. Wengi mmeomba maandishi. Nimenyoosha sentensi mbili tatu tu.)



Leo sitaongelea uchaguzi. Nataka tuongelee fomu. Ndiyo, fomu. Maana humu kambini kuna vijana waliofaulu vizuri kabisa, mtihani hawakuuogopa, wamekwama kwenye fomu.

Naanza na mimi mwenyewe. Babu yangu alitoka Burundi enzi za Mwingereza, akaja kukata mkonge. Ndio hao walioitwa manamba. Hakuwa peke yake: wapo waliotoka Kigoma, Songea, Rwanda, Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa, SILABU, ya kutafuta watu mbali na kuwaleta huku. Hata mkonge wenyewe si mwenyeji. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Leo mkonge ni Mtanzania, hakuna anayeuuliza ukoo wake. Anayeulizwa ni mjukuu wa aliyeukata.

Babu alipewa kipande. Kadi ile ilitiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, mpaka zitimie 30 ndipo alipwe. Mkoloni hakukosa karatasi ya kuhesabu jasho lake. Lakini baba alizaliwa kambini mikononi mwa mkunga wa jadi, hakuandikwa popote. Na mimi vivyo hivyo.

Shuleni nilikuwa najitahidi. Kidato cha nne tukapewa Selform tujaze machaguo. Mwalimu wa ushauri na unasihi alikuwepo, ila alikuwa na vipindi vya Hesabu asubuhi mpaka jioni. Simlaumu. Nikajaza alichojaza rafiki yangu. Nyumbani ningemuuliza nani? Mama anaanika singa, baba anakata mkonge, hakuna aliyewahi kuiona fomu ile.

Kidato cha sita nikafaulu, nikapata chuo. Hapo ndipo nikaambiwa mkopo unataka cheti cha kuzaliwa, tena kihakikiwe na RITA. Jamani, nina miaka 20, ndiyo naanza kutafuta ushahidi kwamba nilizaliwa! Ofisi moja ikataka cheti cha baba. Baba akanionyesha viganja vyake, akasema, "Mwanangu, mimi cheti changu ni hiki." Nikaambiwa njoo Jumatatu. Njoo mwisho wa mwezi. Dirisha la mkopo likafungwa, nikarudi korona kuanika singa mwaka mzima.

Mwaka uliofuata cheti kikatoka, nikaomba upya, nikasoma. Ndiyo maana nasimama hapa. Lakini tulikuwa watatu. Mmoja anaendesha bodaboda mpaka leo, na mwenzetu wa kike aliolewa mwaka ule ule. Yule binti alikuwa anatuzidi wote darasani.

Sasa niulizeni: tulikosa akili? Hapana. Tulikosa mtu wa kutuambia mapema. Cheti kile kingeanza kutafutwa kidato cha kwanza, tungekuwa na miaka sita ya kuzungushwa badala ya wiki sita.

Sisi tunadhani ushauri wa masomo ni kumuuliza mtoto, "Ukikua unataka kuwa nani?" Akisema daktari tunapiga makofi, basi. Kwa mtoto wa kambini hiyo haitoshi. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zimefika 65. Kuna VETA, kuna vyuo vya kati, kuna ualimu hapa hapa Korogwe. Kila mlango una karatasi zake na tarehe zake. Mtoto ambaye baba yake ni ofisa anaelezwa sebuleni. Huyu wa kwetu anaelezwa na nani?

Tuseme na ukweli mwingine, maana sisi si watu wa kupinga kila kitu. Serikali ikitaka, inaweza. Mwaka 2014 Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972, zaidi ya watu 162,000, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Na jirani zetu wa Chogo, Handeni, ni Wazigua ambao mababu zao walipelekwa Somalia utumwani. Vita ya huko ikawarudisha nyumbani, wakapokewa kama wakimbizi, baadaye wakapewa uraia. Kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Tunadai mambo matatu. Moja, kila sekondari iwe na mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi, kazi ifanyike kweli. Mbili, wanaohusika na usajili wa vizazi waje shuleni, waanze na kidato cha kwanza, wasisubiri mtoto awafuate mjini kwa nauli asiyo nayo. Tatu, asiye na cheti cha mzazi aelezwe kwa maandishi alete nini badala yake, siyo "njoo kesho".

Na sisi vijana je? Tusikae kulalamika tu. Kuanzia Jumamosi ijayo meza yetu itakuwa hapa hapa. Leteni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha darasa la saba, chochote chenye jina lako. Tutakaa na wewe tupange, tutakusindikiza kwa mtendaji. Hatuulizi kadi ya chama. Mtoto wa mwana-CCM naye aje.

Lakini nawaomba sana: usinunue cheti, na usibadilishe jina la babu yako ili lisikike la pwani. Najua wapo waliofanya hivyo kwa woga. Uongo wa leo utakufuata Uhamiaji kesho, hasa ukiwa mtu wa kusema sana kama sisi. Tunajua wanaosema sana huulizwa nini. Na kumbuka cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia. Suala la uraia wako likiwa na utata, sema mapema tutafute mwanasheria.

Yule binti sasa ana mtoto wa darasa la tano. Juzi nilimuuliza, mtoto ana cheti? Akacheka, akaniambia, "Kaka, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokitafuta."

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Njooni na karatasi zenu.