REDIO ZA WAZIMA MOTO ZIKIBADILISHWA MASAFA, NANI AULIZWE?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa ili ndugu waliokuwa zamu siku ile nao wayasome.)



Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani halihusu chama. Ni habari ya wazima moto wa Marekani, na jinsi redio zao za kuitana zilivyobadilishwa masafa mara kwa mara. Mtu atauliza, sisi na Marekani tuna nini? Ngojeni kidogo. Hii ni habari ya mfanyakazi na chombo chake cha kazi, nayo ni moja kila mahali.

Kwanza tueleze masafa ni nini. Redio mbili husikizana kwa sababu zote mbili zimewekwa kwenye masafa yale yale, kama vile wewe nyumbani unavyozungusha kisu cha redio mpaka upate stesheni. Lakini masafa yana mwisho wake, hayaongezeki. Polisi wanayataka, mabasi yanayataka, kampuni za simu zinayataka kuliko wote. Kwa hiyo serikali huyagawa kama shamba ligawanywavyo, kila mtu na kipande chake. Kule Marekani mgawaji ni Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu. Hapa kwetu ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Watu walipozidi, vipande vikapunguzwa. Tume ile ya Marekani iliamuru kwamba kufika tarehe 1 Januari 2013, kila mwenye redio katika masafa ya megahezi 150 mpaka 174, na 421 mpaka 470, aache njia yenye upana wa kilohezi 25 na kutumia ya kilohezi 12.5, yaani nusu yake. Vikosi vingi vya zimamoto, vya miji mikubwa na vya vijiji, vilikuwa humo.

Mtu aliye ofisini huona ni karatasi tu. Lakini fikirini kazi yenyewe. Redio iliyo kwenye kila gari ishughulikiwe, na ya mkononi ya kila mtu, na mitambo iliyo juu ya milima. Iliyo nzee ambayo haiwezi kubadilika itupwe na mpya inunuliwe. Kikosi jirani kinachokuja kusaidia nacho kibadilike, la sivyo watu watafika kwenye moto mmoja bila kusikizana. Tena, wazima moto wengi wa Marekani ni wa kujitolea. Hulala majumbani mwao, na huamshwa na kidude kidogo cha redio kinacholia. Kidude kimoja kikisahauliwa, mwenyewe atalala mpaka asubuhi na nyumba ya jirani imekwisha.

Sasa tusikilize mambo ya New York. Katika mwezi wa Machi 2001 wazima moto wa mji ule walipewa redio mpya za mkononi, za njia ya dijitali na za masafa mengine. Siku si nyingi zikapita, mzima moto mmoja akapatwa na hatari ndani ya nyumba katika upande wa Queens. Akaita kwa redio yake kuomba msaada, na wenzake waliokuwa pale pale nje hawakumsikia. Redio zile zikaondolewa upesi, watu wakarudishiwa za zamani. Ndipo yakazuka maswali: zilijaribiwa wapi kabla ya kugawiwa? Waliozishika walifundishwa kwa muda gani?

Redio hizo za zamani ndizo walizokuwa nazo tarehe 11 Septemba 2001, yale majumba mawili marefu yalipoanguka. Wazima moto 343 walikufa siku ile. Hatusemi kwamba redio ndiyo iliyowaua wote, maana hiyo si kweli. Lakini tume iliyochunguza, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwamba redio hazikufanya kazi vizuri ndani ya majumba marefu kama yale, na kwamba si kila mtu aliyekuwa katika jumba la kaskazini aliyesikia amri ya kutoka. Shida hiyo haikuwa ngeni. Ilikwisha kuonekana katika majumba yale yale mwaka 1993, bomu lilipolipuka chini yake.

Basi chombo cha zamani kilikuwa kibovu, na chombo kipya kililetwa vibaya. Hapo ndipo penye somo letu. Hatusemi mabadiliko ni mabaya. Mwenye kukataa kila kipya hatasaidia wenzake. Twasema mabadiliko yaliyofanywa bila mfanyakazi humrudia mfanyakazi.

Liko jambo la pili, nalo ni la fedha. Katika masafa ya megahezi 800, wazima moto na polisi walichanganywa na kampuni ya simu iitwayo Nextel. Minara ya kampuni ilikuwa mingi, na afisa akiwa karibu na mnara redio yake ilizibwa na kelele. Mwaka 2004 Tume iliamuru wote wapangwe upya, na gharama ya kuwahamisha watu wa usalama ilipwe na kampuni. Ilitazamiwa kazi ichukue miezi 36 tangu 2005. Ilimalizika mwaka 2021. Jueni basi: mkubwa akiwaambia jambo ni la miaka mitatu, andikeni tarehe. Lakini neno moja lilikuwa la haki, kwamba gharama haikutupwa juu ya vikosi vilivyokuwa vikisumbuliwa.

Neno la tatu ni la umoja. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatoa watu wa usalama katika masafa ya megahezi 470 mpaka 512, ili yauzwe kwa mnada. Masafa hayo yalitumiwa katika miji 11 mikubwa, nayo New York, Boston na Los Angeles zimo. Kuhama kungalikula mabilioni ya dola. Wakubwa wa vikosi walipinga, na chama cha wazima moto, ambacho kiliundwa mwaka 1918, kilipinga pia. Hawakupiga kelele siku moja wakanyamaza. Walirudi Bungeni mwaka baada ya mwaka, na mwezi wa Desemba 2020 sheria ile ikafutwa. Miaka minane, ndugu zangu!

Sasa turudi nyumbani. Wazima moto wetu ni watumishi wa kaunti tangu mwaka 2013. Lakini si wao tu. Mfanyakazi wa reli anayengoja ishara, mwenye kreni bandarini Mombasa asiyeona chini ya meli na kutegemea sauti ya mwenzake, bawabu wa usiku peke yake getini, hao wote maisha yao yamo katika chombo kidogo cha kuitana. Chombo hicho kikibadilishwa, na siku moja kitabadilishwa, twataka mambo manne.

Moja, mwenye kukishika aulizwe kabla hakijanunuliwa.
Mbili, kijaribiwe mahali pa kazi hasa, penye kelele, chini ya ardhi na nyuma ya kuta nene, si mezani pa muuzaji.
Tatu, watu wote wafundishwe saa za kazi kwa mshahara, na wa zamu ya usiku wasisahauliwe.
Nne, cha zamani kisizimwe mpaka kipya kimeitikiwa na kila mtu, mmoja mmoja kwa jina.

Wala msiambiwe kwamba hayo si kazi yenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Je, kwenu kamati hiyo iko? Ilikutana lini? Mjumbe wenu ni nani? Kama hamjui, anzeni hapo kesho asubuhi, na mtuletee jibu katika mkutano ujao.

Mtu aliye ndani ya moshi hana wakati wa kuuliza masafa ni yapi. Swali hilo lilikuwa la sisi tulio nje, tena mapema.

Umoja ni nguvu.