Laptopu Kuukuu, Mifumo Miwili
(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wana-Usangi waishio Dar es Salaam)

 

Nimepewa dakika kumi, na Katibu kaniomba nisiwachoshe kwa Kiingereza cha kompyuta. Nitajitahidi.

Mwaka jana mlitoa laptopu kumi na moja kwa ajili ya sekondari yetu ya nyumbani. Zilipanda mlima kutoka Mwanga zimefungwa kwenye mablanketi. Ahsanteni sana. Lakini tusemezane ukweli: nyingi zilikuwa zimechoka. Unabonyeza kitufe, unabandika chai, chai inanywewa, kompyuta bado inajiwazia. Zilikuwa na Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inazikataa, kwa sababu inataka prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo mashine nzima, skrini nzima, kibodi nzima, inaambiwa ikae kando.

Tukaamua kuziwekea mfumo wa pili, Linux Mint, ule mwepesi wa Xfce. Ni wa bure kabisa. Unaweza kuanza kwenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha, na diski ya GB 20 inatosha kuuweka.

Mzee mmoja aliniuliza hapo mlangoni: kwa nini msiifute Windows moja kwa moja? Mzee wangu, mwalimu wa taaluma ana programu yake ya kupanga matokeo, imetengenezwa kwa Windows, na anaifahamu kama jembe lake. Huwezi kumnyang'anya mtu jembe katikati ya msimu. Basi Windows inabaki kwa kazi hiyo, bila intaneti, na wanafunzi wanatumia Linux. Virusi vile vinavyosafiri kwa flashi kutoka mashine hadi mashine vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Upande wa pili vinakosa pa kushika.

Sasa niungame. Laptopu ya kwanza niliyojaribu haikuwa ya shule. Ilikuwa ya mama yangu mdogo, mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la kushuka. Programu ya kusimika inauliza swali moja kubwa: uweke Linux pembeni ya Windows, au ufute diski yote? Nikabonyeza la pili. Hesabu za akina mama thelathini na wawili, nani kakopa, nani kalipa, zikaenda. Mama mdogo hakunigombeza. Alinyamaza, akaenda kuleta daftari la karatasi lililoishia miezi mitano nyuma. Tulikaa siku tatu tukipita nyumba kwa nyumba kuulizia risiti. Wengine walikuwa nazo, wengine tuliwaamini kwa maneno yao. Basi lile sikulipanda.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na vijana niliowafundisha wanaushika. Kwanza kabisa mafaili yote yananakiliwa kwenye diski ya nje, na tunayafungua huko kuhakikisha yanasomeka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tunaandika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Kisha tunazima ile hali ya Windows ya kuwaka haraka, maana mashine huonekana imezimwa kumbe imesinzia tu, na ukigusa mafaili yake kutoka Linux unaweza kuyaharibu. Baadaye tunaipunguza nafasi ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe, tukiacha GB 40 tupu.

Mengine ni mepesi. Linux inapakiwa kwenye flashi ya GB 8, mashine inawashwa kwa flashi hiyo, na hapo unaweza kuijaribu kabla hujasimika chochote. Angalia kama WiFi inashika, sauti inatoka, kipanya kinatembea. Laptopu mbili WiFi ilikataa, tukalazimika kutafuta programu yake kwanza. Ukisharidhika, chagua kuweka pembeni. Soma mara mbili. Mimi sasa nasoma kwa sauti.

Ukiwasha tena, inatokea menyu: Linux au Windows. Jambo moja litawashangaza: saa ya Windows hurudi nyuma masaa matatu. Saa haijaharibika. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inawapatanisha.

Kwa wanaohofia lugha, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutafsiri programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Kazi hii si ngeni kwetu.

Saba kati ya zile kumi na moja zinafanya kazi leo. Nne zinasubiri, kwani diski zao za kuzunguka zimezeeka, na hakuna mfumo unaotibu diski inayokufa. Tunahitaji diski nne za SSD, RAM kwa mbili kati ya hizo, na diski moja kubwa ya nje ya kunakilia. Kwetu tunajua msaragambo: hakuna anayeulizwa cheo, unaulizwa umekuja na nini. Mwenye laptopu kabatini ailete kwa Mweka Hazina pamoja na chaja yake. Nasema tena, na chaja yake. Na tafadhali toeni picha zenu za harusi kwanza.